Uhai wa Kwanza Hauthibitishwi kwa Umbo Peke Yake

Kila baada ya miaka michache vyombo vya habari hutangaza kwamba kimepatikana kisukuku cha kale kuliko vyote. Mwaka 1993 kilikuwa cha miaka bilioni 3.465. Mwaka 2016 umri ukapanda hadi bilioni 3.7, na mwaka 2017 ukasogezwa hadi walau bilioni 3.77, pengine 4.28. Msomaji huonyeshwa picha ya uzi mweusi ndani ya jiwe, au vichuguu vidogo kwenye uso wa mwamba, na kuambiwa kwamba huyo ndiye babu wa viumbe wote. Baadaye wataalamu wengine hurudi kwenye jiwe lilelile na kuandika kwamba kile ni kazi ya madini na joto tu. Habari hiyo ya pili hutupwa ukurasa wa ndani, kama itapata ukurasa.

Mashindano haya ya umri yanapotosha. Yanamfanya mtu adhani swali kubwa ni "lini", na kwamba jibu lake huonekana kwa kutazama hadubini. Ukweli ni kwamba katika miamba iliyopita miaka bilioni 3, umbo ndilo shahidi dhaifu kuliko wote. Kisukuku hupata thamani kadiri maelezo yasiyo ya uhai yanavyochunguzwa na kukataliwa moja baada ya jingine. Kwa kipimo hicho, gumegume (jiwe gumu la silika, madini ya mchanga na kioo) ya Gunflint, Kanada, yenye miaka bilioni 1.88 imetufundisha mengi kuliko nyuzi nyingi zilizodaiwa kuizidi umri mara mbili.

Mwaka 1859 Charles Darwin alikiri kwamba kukosekana kwa visukuku chini ya matabaka ya kale zaidi yenye wanyama ni pingamizi halali dhidi ya nadharia yake. Kama wanyama walitokana na viumbe sahili zaidi, viumbe hao wako wapi? Pingamizi hilo lilikaa karibu karne nzima. Mwaka 1954 Stanley Tyler, mwanajiolojia aliyekuwa akichunguza miamba yenye chuma, na Elso Barghoorn, mtaalamu wa mimea wa Harvard, walichapisha taarifa fupi kuhusu vijiumbe kutoka mashapo ya Gunflint, kaskazini mwa Ziwa Superior. Miamba ile ilikuwa ikitazamwa miaka mingi. Kosa la waliotangulia lilikuwa kutafuta magamba na mifupa, vitu vya kushika mkononi, wakati walichopaswa kukitafuta kina upana wa maikromita chache, yaani elfu chache za milimita.

Gunflint inaaminika kwa sababu ya namna ilivyohifadhi. Silika iliyoyeyuka majini ilipenya kwenye utando wa bakteria na kuganda kabla seli hazijaoza na kabla uzito wa mashapo haujazibana. Seli zikabaki na umbo lao kamili, mviringo ukiwa mviringo kweli. Zipo kwa maelfu, zikiwa na ukubwa unaolingana ndani ya kila aina, na zimelala ndani ya matabaka yaliyojengwa na utando wa vijiumbe. Uzi mmoja mweusi peke yake hauna uzito wowote. Kundi lenye wastani na mtawanyiko wa ukubwa unaofanana na bakteria wa leo, likiwa mahali ambapo bakteria wangeishi, ni jambo jingine kabisa.

Linganisha na gumegume ya Apex, karibu na Marble Bar, Australia Magharibi. Mwaka 1993 William Schopf wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alieleza aina 11 za nyuzi ndogo kutoka humo. Picha zake ziliingia katika vitabu vya kiada. Mwaka 2002 Martin Brasier wa Oxford na wenzake walitazama upya vipande vilevile vilivyohifadhiwa Makumbusho ya Historia ya Asili, London, kisha wakachora ramani ya eneo lenyewe hatua kwa hatua. Wakakuta kwamba gumegume ile haikutuama kama mashapo ya ufukweni. Ilikuwa imejaza ufa uliopitisha maji ya moto ya volkano. Baadhi ya nyuzi zilijigawa matawi kwa namna isiyo ya bakteria, na hilo halikuonekana kwenye picha za mwanzo kwa sababu sehemu hizo zilikuwa nje ya fremu. Hadubini za elektroni baadaye zilionyesha vibamba vya madini jamii ya udongo vilivyopangana kama minyoo, na kaboni imevipaka juu. Schopf hakukubali. Mwaka 2018 yeye na John Valley walipima isotopu za kaboni, yaani aina zake nyepesi na nzito, za uzi mmoja mmoja na kusisitiza kwamba ni uhai. Mjadala haujafungwa, ila mtu akiniuliza, mwamba unaotoka ndani ya ufa wa maji moto hauwezi kubeba rekodi ya dunia mabegani.

Tatizo si la Apex tu. Mwaka 2003 Juan Manuel García-Ruiz na wenzake walichanganya chumvi ya bariamu na silika kwenye maji yenye alkali wakapata nyuzi zilizopinda, zenye ukubwa na sura ya bakteria, bila chembe ya uhai. Ukizilowesha kwa kemikali za kaboni na kuzipasha joto, hata rangi inakubali. Baadaye, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, timu yake ilitumia magadi ya Ziwa Magadi, Kenya, na kuotesha humo mirija na vifuko vya madini kwa kuongeza chumvi za metali. Maji ya asili kabisa, yaliyochotwa Bonde la Ufa, yanatengeneza vitu ambavyo mtu asiye makini angeviita seli.

Magadi ina sifa nyingine katika jambo hili. Mwaka 1967 Hans Eugster alieleza kutoka ziwa hilo madini mapya ya sodiamu na silika, magadiiti, ambayo yakipoteza sodiamu hugeuka kuwa gumegume. Tangu hapo wanajiolojia wana mfano hai wa jinsi baadhi ya gumegume za kale zingeweza kutengenezwa. Na kwenye kingo za zamani za maziwa ya Magadi na Natron, juu ya usawa wa sasa wa maji, zipo stromatoliti, yaani mawe yenye matabaka membamba yaliyojengwa na utando wa vijiumbe. Mwanafunzi wa Nairobi au Arusha anayetaka kuelewa miamba ya miaka bilioni 3 hana haja ya kuanzia Australia.

Stromatoliti zenyewe zina mtego wake. Utando wa sianobakteria, bakteria wanaotumia mwanga wa jua na kutoa oksijeni, hunasa chembe za mchanga na chokaa, hufunikwa, hupanda juu kufuata mwanga, hunasa tena. Matokeo ni kichuguu chenye matabaka. Lakini chokaa inayoganda yenyewe kwenye chemchemi nayo hupanga matabaka, na mwamba laini ukiminywa kwa mamilioni ya miaka hukunjana. Mwaka 2016 Allen Nutman na wenzake walitangaza vichuguu vya urefu wa sentimita 1 hadi 4 kutoka Isua, Greenland, vya miaka bilioni 3.7. Miaka miwili baadaye Abigail Allwood na timu yake walifika palepale, wakatazama jiwe kwa pande zote tatu, si ule uso mmoja uliopigwa picha. Upande wa pembeni, "vichuguu" vilikuwa matuta marefu yaliyolala kuelekea kule mwamba ulikovutwa. Ndani hayakuwa na matabaka yanayoeleweka.

Wapo waliomwona Allwood kama mtu wa kubomoa tu. Hao walisahau kwamba ni yeye aliyejenga moja ya hoja imara zaidi tulizo nazo. Mwaka 2006, huko Strelley Pool, Australia Magharibi, alionyesha aina saba za stromatoliti za miaka bilioni 3.43 zilizotawanyika kwenye kilomita kadhaa za mwamba wa baharini. Kila aina ilifuata mazingira yake: pale maji yalipokuwa na kina na utulivu fulani sura hii, palipobadilika sura nyingine, na mashapo ya maji ya kina yalipoanza zikatoweka. Kemia tupu haina sababu ya kuchagua namna hiyo. Mtu yuleyule, vigezo vilevile, majibu mawili tofauti.

Sasa kazi ya maabara, kwa sababu makosa mengi huanzia huko. Kwa gumegume, jiwe hukatwa na kusuguliwa hadi unene wa maikromita 30, ule unaozoeleka kwa uchunguzi wa madini. Kwa visukuku mara nyingi huachwa nene zaidi, maikromita 100 au zaidi, ili umbo lote libaki ndani ya kipande badala ya kukatwa kichwa na mkia. Jambo la kwanza la kuangalia ni kama kitu kimezungukwa na chembe za jiwe pande zote, au kimekaa kwenye ufa. Kilicho kwenye ufa kinaweza kuwa bakteria wa juzi aliyeingia na maji ya mvua.

Kwa mashapo ya udongo njia ni asidi. Huanza asidi ya haidrokloriki ili kuondoa chokaa. Ukiruka hatua hii, kalsiamu itaungana na asidi ya haidrofloriki ya hatua inayofuata na kutengeneza floridi ngumu itakayofunika kila kitu. Asidi ya haidrofloriki huyeyusha silika, kwa hiyo hula chupa za kioo, na kazi yote hufanyika kwenye vyombo vya plastiki maalumu, ndani ya kabati lenye kufyonza hewa, na jeli ya kalsiamu ikiwa karibu, maana asidi hiyo hupenya ngozi hadi mfupani. Kinachobaki ni kuta za seli zilizogeuka kaboni ngumu. Pupa huharibu hapa: kuzungusha sampuli kwa mashine na kuchuja kwa nguvu huvunja visukuku vikubwa, na mtafiti huishia kuripoti kwamba enzi ile ilikuwa na viumbe vidogo tu. Nicholas Butterfield na wengine waliopunguza misukosuko hiyo walipata viumbe wazima pale ambapo wenzao walikuwa na vipande.

Kaboni hupimwa isotopu. Viumbe vinavyofanya usanisinuru hupendelea kaboni-12 iliyo nyepesi, hivyo mabaki yao huwa na upungufu wa kaboni-13 wa takriban sehemu 20 hadi 30 kwa elfu ukilinganisha na kipimo cha kawaida. Tatizo ni kwamba baadhi ya athari za kikemia kwenye maji moto chini ya ardhi hutoa upungufu unaofanana. Kwa hiyo namba hiyo peke yake haitoshi. Kipimo ninachokithamini zaidi ni cha leza cha Raman, ambacho husoma jinsi kaboni ilivyopangika na hivyo joto la juu kabisa ililowahi kupitia. Mwamba ukionyesha umepikwa hadi digrii 350 na kaboni iliyomo ikaonyesha haikuvuka 150, basi kaboni hiyo iliingia baadaye. Kesi imekwisha.

Umri nao haupimwi kwenye kisukuku. Hupimwa kwenye fuwele za zirkoni ndani ya majivu ya volkano yaliyo juu na chini yake. Zirkoni inapoumbika hukubali urani na kukataa risasi, kwa hiyo risasi inayopatikana ndani yake ilizalishwa na urani iliyooza: urani-238 hupungua nusu kila miaka bilioni 4.47, urani-235 kila miaka milioni 704. Saa mbili ndani ya fuwele moja, zikikubaliana unaziamini. Ila zirkoni iliyobebwa na mto na kutua kwenye mchanga inaeleza umri wa mwamba ilikotoka. Tabaka la mchanga lenyewe linaweza kuwa na umri mdogo zaidi kwa mamia ya mamilioni ya miaka.

Uchafuzi ndio uliogharimu fani hii zaidi. Mwaka 1999 Jochen Brocks na wenzake waliripoti molekuli za mafuta jamii ya kolesteroli kutoka miamba ya Australia ya miaka bilioni 2.7. Steroidi hizo hutengenezwa hasa na viumbe wenye seli zenye kiini, kwa hiyo historia ya kundi letu ikarudishwa nyuma takriban miaka bilioni moja kwa siku moja. Mwaka 2008 timu ya Birger Rasmussen, Brocks mwenyewe akiwa mmoja wa waandishi, ilionyesha kwamba molekuli hizo haziwezi kuwa za mwamba ule. Mwaka 2015 sampuli zilizochimbwa kwa uangalifu wa pekee zikathibitisha: ndani ya mwamba safi hakuna kitu. Mafuta ya mitambo, tope la kuchimbia, hata mifuko ya plastiki ya kufungia mawe, vyote huacha haidrokaboni. Tangu hapo kiini cha jiwe hukatwa vipande kutoka ganda la nje kuelekea katikati, na kila kipande hupimwa peke yake. Molekuli zikiwa nyingi nje na kupungua ndani, zilitoka nje.

Baada ya mchujo huo wote, kinabaki nini? Kinabaki kingi, na cha ajabu kuliko rekodi za magazeti. Milima ya Barberton Makhonjwa, Afrika Kusini, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2018, ina utando wa vijiumbe wa miaka bilioni 3.4, na katika mashapo yake ya miaka bilioni 3.2 kikundi cha Emmanuelle Javaux kilieleza mwaka 2010 vifuko vya kaboni vyenye kipenyo cha hadi maikromita 300. Ni vikubwa mno ukilinganisha na bakteria wengi, na wagunduzi wenyewe hawakuvipachika jina la kundi lolote. Uaminifu wa namna hiyo haupatikani kila siku.

Kisha oksijeni. Kabla ya takriban miaka bilioni 2.4 iliyopita, mito ya Witwatersrand, Afrika Kusini, ilikuwa ikibingirisha chembe za pairiti (madini ya chuma na salfa) na za madini ya urani hadi zikawa mviringo, jambo lisilowezekana kwenye hewa ya leo kwa kuwa zingeoksidishwa njiani. Baada ya hapo chembe hizo zinatoweka kwenye mashapo ya mito. Aliyebadilisha hewa ni sianobakteria. Lakini kisukuku cha sianobakteria kinachokubalika na wengi, Eoentophysalis wa visiwa vya Belcher, Kanada, kina miaka karibu bilioni 2. Mwaka 2024 vikaelezwa visukuku vya Australia vya miaka bilioni 1.75 ambavyo ndani yake utando wa kufanyia usanisinuru bado umepangana. Kazi ilionekana kwenye hewa mamia ya mamilioni ya miaka kabla mfanyakazi hajaonekana kwenye jiwe. Anayechukua umri wa kisukuku cha kwanza kama siku ya kuzaliwa kwa kundi lake amekosea hesabu tangu mwanzo.

Franceville, Gabon, ndiko mtihani mgumu zaidi wa Afrika. Mwaka 2010 Abderrazak El Albani na wenzake walieleza maumbo yanayofika sentimita 12 kutoka mashapo ya miaka bilioni 2.1, bonde lilelile lenye urani ya Oklo iliyowahi kuwaka yenyewe kama kinu cha nyuklia. Wao wanasema ni viumbe vilivyoishi kwa kushirikiana, wakati oksijeni ilipopanda. Wapinzani wanasema ni mabonge ya pairiti yaliyokua ndani ya tope. Pairiti ipo kweli, tena nyingi. Naona Gabon inastahili nafasi kubwa kuliko Apex, kwa sababu mashapo yake hayakupikwa sana, sampuli ni nyingi na mazingira yanajulikana. Kuyaita maumbo hayo wanyama, hapana. Utando na makoloni ya vijiumbe yanatosha kueleza karibu yote.

Seli zenye kiini hutambuliwa kwa ukubwa, miiba na kuta za tabaka kadhaa. Kiini chenyewe ni shahidi mbaya: katika miaka ya 1960 doa jeusi ndani ya seli za Bitter Springs, Australia, lilichukuliwa kuwa kiini, hadi ilipoonekana kwamba sianobakteria wakiachwa waoze, yaliyomo husinyaa na kuacha doa kama lile. Vifuko vyenye miiba vya China, vya miaka takriban bilioni 1.65, vinapita mtihani. Mwani mwekundu wa Bangiomorpha wa Kanada, wa miaka bilioni 1.05, unapita kwa alama za juu: una kishikizo cha kujibana chini, nyuzi zinazogawanyika kwa mpangilio, na seli za uzazi za aina tofauti.

Wanyama wanakuja wamechelewa. Dickinsonia, kiumbe bapa aliyebishaniwa tangu Reg Sprigg alipokuta visukuku vya Ediacara, Australia Kusini, mwaka 1946, aliitwa mnyoo, jelifishi, hata kuvu. Umbo lilishindwa kuamua kwa miaka 70. Mwaka 2018 Ilya Bobrovskiy na wenzake walibandua utando wa kaboni kutoka vielelezo vya Bahari Nyeupe, Urusi, vya miaka milioni 558, wakakuta steroidi zake ni jamii ya kolesteroli hadi asilimia 93, ilhali mashapo yaliyoizunguka yalijaa steroidi za mwani. Mnyama. Molekuli nazo zina mipaka: alama iliyopatikana Oman mwaka 2009 kwenye miamba inayozidi miaka milioni 635 ilitajwa kuwa ya sifongo, na baadaye ikaonyeshwa kwamba mabaki ya mwani yanaweza kugeuka molekuli ileile chini ya ardhi.

Oman hiyohiyo inatuachia ushahidi ulio safi zaidi wa mwisho wa enzi iliyotangulia Kambria, kipindi ambacho visukuku vya wanyama huwa vingi. Katika visima vya mafuta vya kusini mwa nchi, Cloudina, mmoja wa wanyama wa kwanza kujijengea gamba, anatoweka ghafla kwenye mpaka wa kuingia Kambria, na tabaka la majivu palepale likatoa umri wa karibu miaka milioni 540. Gerard Germs alimwelezea Cloudina kutoka Namibia mwaka 1972. Mirija yake kutoka China ina vitobo vya mviringo, vikubwa kwenye mirija mipana na vidogo kwenye myembamba, wakati Sinotubulites, kiumbe mwingine wa mirija aliyeishi jirani naye, karibu hana kitobo hata kimoja. Madini yanayoyeyuka hayachagui jirani wala hayapimi upana. Kilichotoboa kilikuwa kinachagua mawindo, na mwili wake haujapatikana kwenye jiwe lolote.